Ushauri: Nakwenda kusoma Izmir na hijabu yangu. Waturuki wakiniuliza niko upande gani, nijibu nini?

BintiNgamiani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nimepata ufadhili wa serikali ya Uturuki kusoma shahada ya uzamili ya sayansi ya siasa, Izmir. Mwaka wa kwanza ni wa lugha tu. Hapa nyumbani Tanga ni furaha, ila kila mtu ana Uturuki yake kichwani. Baba mdogo anasema naenda nchi ya Kiislamu, rais wao anasoma Kurani hadharani, nisiwe na wasiwasi. Kaka anasema hao ndio waliofuta ukhalifa mwaka 1924, hijabu nitavuliwa getini. Mama kazi yake tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, na anachouliza ni kimoja: mbona wanawake wote vichwa wazi?

Hijabu siivui, hilo limekwisha. Kinachonisumbua ni maneno. Nimeingizwa kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi wa idara, na tayari wasichana wawili, kila mmoja kwa wakati wake, wamenifuata pembeni kuniuliza namwonaje rais wao, Erdoğan. Mmoja amejifunika kwenye picha yake, mwingine ameweka saini ya Atatürk, yule mwasisi wa jamhuri yao isiyo ya dini. Wote nimewajibu kwa kikatuni cha kucheka nikapotea. Mwaka mzima nitacheka hivyo hivyo?

Mbongo_wa_Bosphorus

Hongera sana mdogo wangu. Baba mdogo na kaka yako wote wanasema kweli, wamepishana miaka tu.

Getini walikuwa wanavua kweli. Jeshi lilipomsukuma nje waziri mkuu Erbakan, mwanasiasa wa upande wa dini, mwaka 1997, marufuku ya mtandio vyuoni ilikazwa hasa. Chuo Kikuu cha Istanbul kilikuwa na vyumba vya kumkalisha binti aliyejifunika, akabembelezwa avue ndipo asajiliwe. Leyla Şahin, aliyekuwa anasomea udaktari pale, alikwenda hadi mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya akashindwa, 2005. Merve Kavakçı alichaguliwa mbunge 1999, akaingia kuapa na mtandio wake, wenzake wakagonga meza wakipiga kelele "nje, nje!" Hakuapa, na uraia wakamnyang'anya.

Mama mwenye nyumba wangu Ankara alinionyesha wigi aliyokuwa akivaa juu ya mtandio ili apite getini. Nywele fupi za kahawia, mbaya ajabu. Ameiweka kabatini pamoja na cheti chake.

Vyuoni marufuku ilianza kulegezwa 2010, na watumishi wengi wa umma wakaruhusiwa 2013. Leo utaingia darasani na hijabu yako bila kuulizwa. Lakini mhadhiri wako mwenye miaka hamsini alikuwepo kipindi kile, ama kama aliyezuiwa, ama kama aliyekuwa ndani akiona ni sawa. Kabla hujafungua mdomo, jua unaongea na yupi.

Kidume_wa_Makorora

Sasa si ndiyo hayo! Erdoğan kawarudishia watu dini yao. Hao wanaolia eti demokrasia imekufa walikuwa wapi binti wa watu anavishwa wigi? Dada, ukiulizwa jibu wazi: uko na aliyekufungulia geti.

Hakimu_Pembeni

@Kidume, ukimfundisha hivyo unamtafutia balaa, tena Izmir, ngome ya CHP, chama cha Atatürk!

Kwamba watu wa dini walionewa, hakuna ubishi. Erdoğan mwenyewe akiwa meya wa Istanbul alisoma shairi jukwaani Siirt, 1997, likampeleka jela 1999. Mwaka 2008 chama chake kikiwa madarakani kilinusurika kufutwa na Mahakama ya Katiba: majaji 6 kati ya 11 walitaka kifutwe, zilitakiwa kura 7. Hiyo ndiyo ilikuwa inaitwa kulinda dola isiyo ya dini. Kura za wananchi kwanza, halafu wakubwa wanakaa kuamua kama zinafaa.

Basi tazama geti lilivyogeuka. Julai 2016 wanajeshi walijaribu mapinduzi, watu zaidi ya 250 wakauawa. Uovu mtupu. Lakini kilichofuata ni watumishi zaidi ya laki moja kufukuzwa kazi kwa amri za dharura, walimu na majaji wakiwemo. 2017 ikapigwa kura ya maoni, rais akapewa madaraka makubwa kwa asilimia 51 na ushei. 2019 İmamoğlu wa CHP alishinda umeya wa Istanbul kwa kura kama 13,000, uchaguzi ukafutwa, ukarudiwa, akashinda kwa zaidi ya laki nane! Machi 2025 Chuo Kikuu cha Istanbul, hicho hicho cha vile vyumba, kikamfutia shahada yake, na urais kule unataka shahada. Kesho yake akakamatwa. Tuhuma ni za rushwa, mwenyewe anakana.

Meya wa Istanbul jela, mara ya pili. Hapo @Kidume unashangilia nani?

Kidume_wa_Makorora

Rushwa ni rushwa. Mahakama iamue.

Hakimu_Pembeni

Na 2008 mahakama ilikuwa inaamua pia.

MzeeKibaraza

Mwanangu BintiNgamiani, mimi si msomi, nimefanya biashara ya vitambaa na Waturuki miaka mingi. Nilichojifunza: usimsome mtu kwa kichwa chake. Kuna aliyejifunika anayempinga Erdoğan, na kuna mnywaji wa raki, pombe yao, anayempigia kura kwa sababu ya barabara na hospitali. Üsküdar, mtaa wa watu wa dini hasa, ndiko nyumbani kwa rais mwenyewe, na 2024 uliangukia CHP. Bei ya vitu ilikuwa imewachosha.

Mwanasheria_Mtoro

Mmesahau la sheria. Kule kuna mambo mawili ya kuchunga, na kila upande una lake. Sheria namba 5816 ya 1951 inaadhibu kumtusi Atatürk. Kifungu cha 299 cha sheria ya jinai kinaadhibu kumtusi rais, mwaka 1 hadi 4 jela. Maelfu ya watu wamefunguliwa mashtaka kwa hicho cha pili, wengine kwa maneno ya mtandaoni tu. Kwa hiyo lile kundi la WhatsApp, dada, usitume kikatuni cha kejeli cha yeyote, hata ukitumiwa usisambaze.

Na habari za mhubiri Gülen, aliyefariki 2024, usizisogelee. Huyo ndiye serikali inamtaja kuwa aliyepanga mapinduzi ya 2016. Mkono wa serikali hiyo ni mrefu: Oktoba 2024 Kenya yetu hii jirani iliwakabidhi kwa Uturuki wakimbizi wanne wa Kituruki waliohusishwa naye.

BintiNgamiani

Asanteni mno. Mzee Kibaraza, shikamoo. Jambo moja linanichanganya: kama dola si ya dini, mbona nasoma kwamba maimamu wanalipwa mshahara na serikali? Kwetu msikiti ni wa waumini wenyewe.

Mbongo_wa_Bosphorus

Umegusa penyewe. Watu wa Atatürk hawakuiacha dini ijitegemee, waliiajiri. Mwaka 1924, siku ile ile ukhalifa ulipofutwa, ikaundwa idara ya mambo ya dini, wao wanaiita Diyanet. Imamu ni mtumishi wa serikali, na hotuba ya Ijumaa inatoka juu. Kati ya 1932 na 1950 hata adhana iliamriwa isomwe Kituruki, siyo Kiarabu. Lengo lilikuwa kuishika dini mkono isije ikaleta siasa.

Chombo hicho chama cha Erdoğan hakikukivunja. Kilikirithi, kikakinenepesha. Usiku wa mapinduzi ya 2016 misikiti nchi nzima ilipaza sauti kuwaita watu watoke barabarani. Wanaobaki nje kabisa ni Waalevi, jamii ya dini isiyo ya Kisunni, mamilioni ya watu: kodi wanalipa, lakini nyumba zao za ibada, cemevi, hazina hadhi ya msikiti kisheria.

Ndiyo maana mimi ukiniuliza ugomvi wao ni nini, sisemi ni dini dhidi ya kutokuwa na dini. Ni nani anashika dola, maana anayeishika anaona haki yake kuamua mwenzake avae nini, aswali wapi, asome nini.

Kwa wale wasichana wawili: waulize wao. "Kwenu kulikuwaje mama yako akiwa chuo?" Watakueleza mpaka chai ipoe, na hakuna atakayekumbuka kukuuliza upande. Tarehe 10 Novemba saa 3:05 asubuhi ving'ora vitalia kumkumbuka Atatürk, magari yatasimama. Simama nao. Halafu jiandae, watu wengi hawataanza na siasa, wataanza kukuuliza kama wewe ni Msomali.

BintiNgamiani

Hahaa, hilo nimeshaulizwa. Basi nafikiria tasnifu yangu iwe juu ya hiyo Diyanet. Ni hatari?

Mbongo_wa_Bosphorus

Siyo hatari ukiandika kwa ushahidi. Hotuba za Ijumaa wanazitoa wenyewe mtandaoni, hata kwa Kiingereza na Kiarabu. Anza kuzikusanya sasa, ukifika mwaka wa pili uzirudie kwa Kituruki. Na msimamizi mchague kwa kusoma alichoandika, siyo kwa alivyovaa.