Wauza nyimbo na ma-admin wa magrupu Kigoma, acheni kufuta majina ya wanamuziki!

Wakuu, habari za muda huu. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuzificha.

Hapa Kigoma mjini, kuanzia Mwanga mpaka Ujiji, mtu anayependa muziki mpya wenye ubunifu amebakiwa na njia mbili. Ya kwanza ni vibanda vya kujaziwa nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Ya pili ni magrupu ya WhatsApp. Redioni ni nyimbo zilezile za watu walewale kutwa nzima, hilo tushalizoea. Kinachoniuma ni kwamba hizi njia zetu mbili zimekuwa machinjio ya majina.

Chukueni flashi yoyote ya kibandani muifungue kwenye kompyuta. "NGOMA KALI 1", "NGOMA KALI 2", "MPYA HATARI 23", inaendelea hivyo mpaka mwisho. Palipotakiwa kuandikwa msanii kuna namba ya simu ya kibanda. Palipotakiwa kukaa picha ya albamu kuna sura ya mwenye kibanda kavaa miwani. Na hili halitokei kwa bahati mbaya. Faili la MP3 lina sehemu yake maalumu ya kubeba jina la wimbo, msanii, albamu na mwaka. Kuna programu inayoandika juu ya hizo taarifa kwa folda nzima, mtu anabofya mara moja tu na kazi za watu mia zinakuwa "za kwake".

Kwenye flashi ya mwisho niliyonunua nilikuta kitu ambacho sijawahi kukisikia. Likembe, ile ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, imepitishwa kwenye spika iliyozidiwa makusudi, sauti inakwaruza mpaka meno yanauma, chini yake kuna mtu anagonga bati kwa mdundo unaochelewa kidogo kila unaporudi. Gitaa hakuna, sebene hakuna. Mwimbaji ukisikia matamshi tu unajua ni mtu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, Uvira au Kalemie huko. Nikarudi kibandani nikamuuliza kijana, "Kaka, huyu nani?" Akanijibu, "We unataka wimbo au unataka mtu?"

Nataka mtu! Ndiyo, nataka mtu! Nikimjua mtu nitapata nyimbo zake nyingine. Nitajua kama anavuka kuja Kibirizi, nitamlipa, nitawaambia wenzangu wamtafute. Bila jina, ule wimbo unaishia kwenye flashi yangu na yeye hata hajui kama kuna mtu Kigoma amekosa usingizi kwa ajili yake.

Halafu msiniambie "tumia Shazam". Shazam ni programu ya simu ya kutambua wimbo, inalinganisha sauti na zile ilizonazo kwenye hazina yake. Kama fundi wa Uvira hajapandisha kazi yake popote, haitapata kitu. Na hata aliyepandisha, mkishamwongezea spidi na kumwekea DJ anayepiga kelele za kujitaja kila baada ya sekunde chache, programu itamtambulia wapi?

Wapo watakaosema mambo ya majina ni ya wazungu. Basi sikilizeni ya jirani zetu. Kundi la Konono No. 1 la Kinshasa, la mzee Mingiedi, lilikuwa linapiga likembe kwa vipaza sauti vya kujitengenezea, sumaku zimetolewa kwenye vipuri vya magari mabovu. Walirekodiwa mwaka 1978. Mbelgiji mmoja, Vincent Kenis, akaisikia ile rekodi, akawatafuta Kinshasa kwa miaka mingi mpaka akawapata, na mwaka 2004 ikatoka albamu iliyowafikisha duniani. Angeanzia wapi kuuliza pale Kinshasa kama rekodi ingeandikwa "NGOMA KALI 7"?

Au tuje kwetu, kwenye singeli. Vijana wa Manzese, Tandale na Mburahati walichukua mchiriku na taarabu, wakakimbiza biti mpaka zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, wakapata muziki ambao haupo kwingine duniani. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ikatoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, kila wimbo na jina la mwenyewe. Ndiyo maana akina Jay Mitta, Duke na Bamba Pana walianza kuitwa kwenye matamasha ya Ulaya. Huku Kigoma biti za namna hiyo zinazunguka kwenye bajaji kwa jina la "SINGELI MIX VIGODORO". Yaani lebo ya Uganda inamtaja Mtanzania, sisi tunamfuta.

Na tunavyopenda kujisifu kwamba Kigoma ni mji wa wasanii! Diamond wetu, Ali Kiba wetu, Mwasiti wetu, hao tunawataja mpaka na koo zao. Mdogo anayetengeneza kitu kipya chumbani kwake Gungu au Katubuka ndiye asiyestahili jina?

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutajwa kwenye kazi yake. Mtasema bando ghali, maisha magumu, kibanda ndicho kinalisha familia. Sawa, kuleni. Kuliacha jina lilivyokuwa hakumpunguzii mtu hata shilingi.

Ma-admin, na nyie. Mkituma wimbo WhatsApp kama sauti, unafika umeandikwa AUD na tarehe, jina limepotea. Tumeni kama dokumenti, faili linafika na jina lake. Nimelisema hili kwenye grupu moja kubwa la muziki hapa mjini, na nikauliza majina ya nyimbo za wiki ile. Admin akajibu "tafuta mwenyewe kama mimi nilivyotafuta", kisha akanitoa. Watu wa aina hii ndio siwaelewi kabisa. Unajua jina, unalikalia, ili uonekane wewe tu ndiye mwenye masikio. Kama unaupenda muziki kweli, mbona hutaki mwenye muziki ajulikane?

Basi uzi huu tuufanye wa kazi. Ukiweka wimbo hapa, andika aliyeimba, aliyetengeneza biti, na mji wake. Usipojua andika "sijui", anayejua atajaza. Na anayemjua yule mpiga likembe amtaje, mods msiufunge uzi kabla hajapatikana.

Naanza mimi: Bamba Pana, Dar es Salaam, albamu inaitwa Poaa, 2018. Anayefuata?