Naomba ushauri: Joe wa Roman Holiday anastahili kusamehewa?

Habari zenu ndugu zangu. Nimekwama, naomba mawazo yenu.

Jumamosi ni zamu yangu kuchagua filamu ya kutazama na familia, na nimechagua Roman Holiday ya mwaka 1953, ya William Wyler. Nimeirudia mara mbili na bado moyo haujatulia. Bintimfalme Ann (Audrey Hepburn) anatoroka majukumu yake na kuzunguka Roma siku nzima na mwandishi wa habari, Joe (Gregory Peck). Joe anajua fika huyu ni nani, lakini anamficha kazi yake ili auze habari. Rafiki yake naye anampiga Ann picha kwa kamera iliyofichwa ndani ya kiberiti cha gesi! Mwishoni habari haiandikwi na picha anarudishiwa.

Dada yangu anasema huyo ni mwongo tu, tunamsamehe kwa sababu ya sura yake. Mimi ile pale Ann anapoulizwa mji gani umempendeza, akajibu Roma, hunitoa machozi. Nimesoma maoni ya watazamaji wengine, wengi wanamsifu Hepburn (na kweli alipata Oscar kwa filamu hii), ila kuhusu udanganyifu huo wananyamaza.

Mlioitazama: kurudisha picha kunatosha kufuta uongo wa siku nzima? Na kwa vijana wa miaka 14 wasiozoea filamu isiyo na rangi, niionyeshe yote kwa mkupuo, karibu saa mbili, au niikate mara mbili?