Kujenga banda la kubangulia korosho Newala, hela, maji na mvua vyote vinatubana

binti_newala:
Habari zenu wadau. Kikundi chetu cha akina mama 15 tunataka kujenga banda la kubangulia korosho, sa hivi tunabangulia barazani kwa mwenzetu na vumbi linatuharibia mzigo. Tumechanga milioni 6, zingine tunategemea za mnada wa korosho. Kila nikikaa kupanga naona mambo yanagongana, hela inaingia mwezi wa 11 wa 12 na mvua nazo ndo zinaanza, mvua zikikata hela imeshaliwa, halafu kiangazi maji ya huku juu mlimani yanavyoadimika mnajua wenyewe. Mnaanzia wapi?

fundi_ndanda:
Hongera dada. Nimejenga sana huko Newala na Tandahimba, kinachokwamisha mara nyingi ni maji kuliko hela. Zege la msingi, kufyatua tofali, kuzimwagilia mpaka zikomae, yote yanakula maji na ukiingia mwezi wa 9 unanunua dumu kwa dumu bajeti inaishia hapo. Kazi zote za maji zipange mwisho wa mwezi wa 4 na wa 5 visima vya mvua vikiwa vimejaa. Hela ya mnada nunua bati na nondo weka ndani. Simenti usinunue mapema, masika inashika unyevu inaganda, nishaona mifuko 30 inatupwa roho iliniuma sana.

mkulima_kusini:
Fundi kasema ila kasahau vibarua. Mwezi wa 6 watu wako kwenye kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, wa 10 tunaokota korosho, hata wa kubeba mchanga humpati. Na vitu vya kutoka Dar agizeni mapema, 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara Somanga jirani yangu alikaa na kuta bila bati.

mwl_mikindani:
Mama, hela ni hiyo na miezi ndo hiyo, hapo cha kulegeza ni ukubwa wa banda tu. Anzeni na sakafu na paa juu ya nguzo, kuta mwakani.

binti_newala:
Asante mwalimu, ila vumbi ndo lililotutoa barazani, bila kuta tutakuwa tumehama bure. Labda tuache stoo, mzigo uendelee kulala kwa mwenzetu. Fundi, tofali za chumba kimoja cha futi 20 kwa 15 zinataka maji kiasi gani? Kisima tunachokitegemea ni kimoja, kesho naenda kukipima.