Kukagua milima usiyoijua kwa ajili ya dubu, mnaanzaje?

MwanaShela: Salaam jamani. Niko Malindi ila mwezi wa 5 naenda Montana, Marekani, kwa shemeji, kachukua kibali cha kuwinda dubu mweusi na anataka tukakague milima ambayo hata yeye hajaikanyaga. Msitu wangu mimi ni Arabuko-Sokoke na huko huenda kuangalia ndege tu 😂 tuanzie wapi?

Kibandamaji: Ramani ya setilaiti kwanza kabla ya kuchosha miguu. Dubu akitoka pangoni ana njaa na anakula majani mabichi kama ng'ombe, kwa hivyo tafuteni miteremko inayotazama kusini, huko ndiko jua linapiga sana na theluji inawahi kuyeyuka, na zile barabara za zamani za wakata magogo zilizoota nyasi, mkiona kinyesi kibichi hapo msiwe na haraka. Jioni kaeni ng'ambo ya bonde na darubini kwa muda wa saa moja au mbili, sio kuzurura.

Bajuni_wa_Pate: Na upepo! Wewe wajua kusi na kaskazi, huko mlimani asubuhi washuka, jua likikolea wapanda. Pua ya dubu si mchezo.

MwanaShela: Mbona nimeona picha ya "mweusi" wa kahawia?

Kibandamaji: Wapo. Achana na rangi, tazama nundu begani, huyo ni grizili, dubu wa aina nyingine, na hapigwi. Montana mwindaji lazima apite mtihani wa kuwatofautisha. Jike mwenye watoto pia marufuku.

Bajuni_wa_Pate: Sisi huku Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, tuletee picha basi