Honfleur au Concarneau: nimpeleke mama bandari ipi?

mwanaTanga: Habari wakuu. Mwezi wa nane nitakuwa Paris na mama. Baba alikuwa mvuvi, kwa hiyo bi mkubwa minara hana haja nayo, anataka kuona Wafaransa wanavyovua. Magoti yanamsumbua. Honfleur au Concarneau?

Msafiri_77: Kwa siku moja ni Honfleur, kama kilomita 200 tu. Treni haifiki mjini: shukeni Le Havre mpande basi, mtavuka Daraja la Normandie. Msikose kanisa la Sainte-Catherine, la mbao, kazi ya maseremala wa meli wa karne ya 15. Dari yake ni kama majahazi mawili yaliyofudikizwa. Champlain, yule mpelelezi Mfaransa, aling'oa nanga hapo 1608 akaenda kuanzisha mji wa Quebec, Kanada.

bintiPwani: Msafiri, mama kaomba wavuvi, wewe unampa picha za ukutani! Lile bwawa la zamani la Honfleur limejaa boti za starehe na migahawa. Wavuvi wamebaki, ila wachache. Concarneau bado inanuka samaki. Mji wa kale uko kisiwani ndani ya ngome, na humo mna makumbusho ya uvuvi. Sardini walipoadimika miaka ya 1900 mwanzoni, watu walilala njaa. Sherehe ya Filets Bleus (nyavu za buluu) ilianza 1905 kuwachangia wavuvi, na hufanyika mwezi huohuo wa nane. Halafu kuna hili: meli za kampuni za huko huvua jodari Bahari ya Hindi na kuwashusha Victoria, Shelisheli. Mama atakuwa na la kusema hapo.

Msafiri_77: Sawa dada, ila mwambie na safari. Treni hadi Quimper ni takribani saa nne, kisha basi. Kwenda na kurudi siku moja ni kumtesa mzee.

kaka_mkubwa: Mmeisahau Boulogne-sur-Mer, bandari kubwa kuliko zote za uvuvi Ufaransa. Treni inatoka Paris moja kwa moja. Asubuhi nendeni gati la Gambetta, familia za wavuvi zinauza samaki wabichi vibandani. Mji wa juu una mlima, uacheni. Na kome hupikwa kwa divai, asiyetumia aulize kwanza.

mwanaTanga: Nimemsomea mama. Kasikia jodari wa Shelisheli, kaguna: "Kumbe ndio hao!" Tunakwenda Concarneau, tutalala huko. bintiPwani, nyumba ya wageni isiyo na ngazi unaijua?