Ushauri: kisakinishi kitatambuaje kwamba programu bado inafanya kazi kabla hakijabadilisha mafaili?

Mpanga_Rafu

Wakuu, salaam. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa kuandaa visakinishi vya Windows, yaani programu zinazoweka programu nyingine kwenye kompyuta. Nina programu ya stoo na mauzo niliyoiandika kwa C#, inayotumiwa na maduka ya dawa, na kisakinishi chake nakitengeneza kwa Inno Setup (zana ya kutengenezea visakinishi). Tatizo hujitokeza wakati wa kusasisha. Mhudumu akibofya alama ya kufunga, dirisha hutoweka lakini programu hubaki hai pale pembeni mwa saa, kwa kuwa inatakiwa iendelee kutuma taarifa za mauzo kwenye seva. Yeye anaamini ameshaifunga. Anafungua kisakinishi, kinafika kwenye faili kuu na kutoa ujumbe kwamba kufuta kumeshindikana, namba 5, naye anachagua kuliruka faili hilo. Duka linabaki na faili kuu la zamani likizungukwa na maktaba mpya (mafaili ya msimbo ambayo programu huyategemea), na programu haifunguki tena.

Nimefikiria kutafuta jina la mchakato (programu ikiwa inafanya kazi), na nikiukuta niuzime kwa taskkill /F, amri ya Windows ya kuzima kwa lazima. Je, hiyo ndiyo njia sahihi? Niongeze kwamba baadhi ya maduka yana akaunti mbili katika kompyuta moja, ya zamu ya asubuhi na ya zamu ya jioni, na mara nyingi wa asubuhi haondoki kwenye akaunti yake.

Ngalawa

Ndugu mleta uzi, taskkill /F iache kabisa. Inaukata mchakato bila kuupa nafasi ya kuhifadhi chochote, na kama mhudumu alikuwa katikati ya kuingiza mauzo, kilichokuwa kwenye skrini pekee kimepotea. Jina la mchakato nalo ni ushahidi dhaifu, kwa sababu faili linaweza kubadilishwa jina, na programu nyingine inaweza kuwa na jina hilohilo.

Ni bora programu yenyewe ijitangaze. Ikiwaka, iunde myuteksi (mutex, alama inayotunzwa na Windows kwenye kumbukumbu) yenye jina la pekee, kisha jina hilohilo uliandike kwenye AppMutex katika sehemu ya [Setup] ya msimbo wa kisakinishi. Kisakinishi kitaitafuta kabla ya kuanza kazi, kikiikuta kitamwomba mtumiaji afunge programu kwanza, na kiondoaji (kinachoiondoa programu kwenye kompyuta) nacho kitafanya hivyo hivyo. Uzuri wake ni kwamba mchakato ukifa kwa sababu yoyote, Windows huifunga myuteksi hiyo yenyewe. Haifanani na faili la alama, ambalo umeme ukikatika hubaki kwenye diski na kudai kwamba programu ipo hai.

Angalizo moja kwa watu wa C#: usiiweke kwenye kigeugeu cha ndani ya Main (mahali programu inapoanzia) ukaisahau. Katika toleo la Release (lile la kupeleka kwa watumiaji), mkusanya taka, anayefuta kwenye kumbukumbu vitu visivyotumika tena, anaweza kuiondoa wakati programu bado inaendelea, nawe utashangaa kwa nini kwenye mashine yako ya kuandikia msimbo kila kitu kilikuwa sawa. Iweke kwenye uga wa static, au uite GC.KeepAlive mwishoni mwa Main.

Binti_Pangani

Naunga mkono, ila kwa suala la akaunti mbili myuteksi ya kawaida haitoshi. Jina lisilo na kiambishi huonekana ndani ya kipindi (session) cha mtumiaji mmoja tu, hivyo kisakinishi kikifunguliwa jioni hakitaiona programu ya asubuhi. Unda mbili: moja ya kawaida na nyingine inayoanza na Global\, kisha uziandike zote kwenye AppMutex ukizitenganisha kwa mkato. Hiyo ya Global\ uipe ruhusa za watumiaji wote wakati wa kuiunda, la sivyo programu ya mhudumu wa pili itagonga UnauthorizedAccessException (kosa la kunyimwa ruhusa) pindi tu anapoifungua.

Mpanga_Rafu

Nashukuru sana. Lakini matoleo yaliyopo madukani hivi sasa hayana myuteksi yoyote. Sasisho la kwanza litayatambuaje?

Kisiki

Hapo ndipo Restart Manager inapofaa, yaani huduma ya kutambua na kufunga programu zilizoshikilia mafaili, nayo imo ndani ya Windows tangu Vista. Haiulizi jina la mchakato; huuliza ni nani ameshikilia faili hili, kwa hiyo toleo la zamani litaonekana bila kubadilishwa lolote. Katika Inno Setup, CloseApplications ikiwa yes, ambayo ndiyo hali yake ya kawaida, kisakinishi huorodhesha programu zilizoshikilia mafaili yanayotakiwa kubadilishwa na kumuuliza mtumiaji kama zifungwe.

Nina shaka na jambo moja katika msimbo wako. Programu nyingi zinazojificha pembeni mwa saa huzuia kila tukio la FormClosing (dirisha linapotakiwa kufungwa), pasipo kuangalia limetoka wapi. Ombi la Restart Manager huja kwa ujumbe wa Windows uitwao WM_QUERYENDSESSION, na ukilizuia, kufungwa kutashindikana. Ficha dirisha pale tu CloseReason (sababu ya kufungwa) inapokuwa UserClosing, yaani mtumiaji mwenyewe amelifunga. Kwa sababu nyinginezo, hifadhi data na utoke. Matoleo ya zamani yenye tabia hiyo itabidi yafungwe kwa mkono, kwa hiyo ujumbe wako umweleze mhudumu waziwazi abofye wapi. Na ile programu iliyo kwenye akaunti nyingine Restart Manager itaiona lakini haitaifunga, kwa hiyo mtu arudi kwenye akaunti ile aifunge.

Mpanga_Rafu

Swali la mwisho. Nataka baadaye programu ipakue sasisho na kuliendesha yenyewe kwa /VERYSILENT /SUPPRESSMSGBOXES, yaani bila kuonesha dirisha wala kuuliza kwa visanduku vya ujumbe. AppMutex itafanyaje pasipo mtu wa kujibu?

Ngalawa

Itajijibu «ghairi» na kisakinishi kitajifunga kimyakimya, pengine kwa sababu tu programu ilikuwa bado inamalizia kuhifadhi kabla ya kutoka. Kwa hali hiyo mimi huondoa AppMutex na kuandika kitanzi ndani ya InitializeSetup, inayoendeshwa kisakinishi kinapoanza: kiite CheckForMutexes kuangalia kama myuteksi ipo, kilale kwa Sleep(500), kirudie hadi muda ulioupanga uishe, na programu ikiwa bado ipo kirudishe False ili usakinishaji usiendelee. Uangalizi kama huo uuweke pia kwenye InitializeUninstall, maana ulipoiondoa AppMutex kiondoaji nacho kimepoteza kinga yake.

Kisha funga na upande wa pili. Mhudumu anaweza kufungua programu wakati mafaili yananakiliwa, baada ya uangalizi kupita. Weka SetupMutex ili kisakinishi nacho kijitangaze, na programu ikiwaka ianze kwa kuitafuta. Ikiikuta, ioneshe ujumbe kwamba usasishaji unaendelea na itoke kabla haijapakia maktaba yoyote.