Tupeane uzoefu: vidole vinapokugomea jukwaani

MARIMBA WA DUNDA: Leo nimempita kijana anajifua na marimba. Kila akifika pale pale anateleza, anaanza upya kwa kasi ile ile. Nikakumbuka mbali. Wapigaji wa Bagamoyo na Tanga, vidole viliwahi kuwagomea?

BESI LA NGAMIANI: Harusi ya Raskazone, uwanjani. Katikati ya wimbo spika ya miguuni, ile ya kujisikia wenyewe, ikazima, tukabaki na sauti inayogonga ukuta wa mbali na kurudi. Sauti hukimbia kama mita 340 kwa sekunde. Ukuta ukiwa mita 34, kwenda na kurudi ni sekunde 0.2. Ndogo? Thubutu! Nakwanyua waya, sikio linaniambia bado, mkono unangoja. Mpiga ngoma ananingoja mimi, mimi namngoja yeye, wimbo unazidi kuzama. Somo wa bi harusi kashika hela mkononi aje kutunza, hajui aje au arudi. Mpiga ngoma akaanza kupiga mapigo kwa kichwa, tukayaacha masikio tukamfuata kwa macho. Ndipo wimbo ukasimama.

BINTI TAARAB: Wallahi naijua hiyo. Pole kaka.

ZEZE: Fundi mitambo huyo!

BESI LA NGAMIANI: Umeme ulicheza. Usimsingizie mtu hukuwepo.

KINANDA CHUMBAGENI: Marimba, mwambie huyo kijana anajifunza kosa. Mkono hushika kinachorudiwa, kiwe sawa kisiwe sawa. Apunguze kasi mpaka asikie kila sauti, aanzie nyuma kidogo ya pale anapoteleza. Kisha akalale, usingizini ubongo unaendelea kukipanga alichojifunza.

ZEZE: Polepole inaua mdundo. Mjomba alinikalisha nimsikilize tu, zeze sigusi. Siku naligusa, sikio lilishajua linataka nini, mkono ukawa unalitafuta.

KINANDA CHUMBAGENI: Sikio sawa. Ila vidole navyo vina shule yao.

BINTI TAARAB: Mimi kidole cha pete kinajikunja chenyewe nikishika fidla tu. Nikishika kisu jikoni, kizima.

MARIMBA WA DUNDA: Dada, usikilazimishe. Leon Fleisher, mpiga piano wa Marekani, mkono wake wa kulia ulianza hivyo mwaka 1964, akapiga kwa wa kushoto miaka na miaka.

ZEZE: Maji ya moto na chumvi, kila usiku.

MARIMBA WA DUNDA: Tatizo lile liko kwenye ubongo, Zeze, chumvi haifiki huko. Dada, muone daktari wa mishipa ya fahamu, na uende na fidla yako akione kikijikunja.